Vipande Vilivyolala Mzungu wa Nne

4 Machi

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya hesabu. Hesabu zenyewe hazijanitembelea tangu nimalize chuo, kwa hiyo acha niandike mambo ya kawaida. Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Nilikuwa dirishani, sifanyi lolote, natazama matone yanavyoteremka kwenye kioo na kujiuliza lipi litafika chini kwanza. Mama alipita na viatu vyake vyeupe vya uuguzi mkononi, akaniuliza kama hiyo ndiyo kazi niliyoisomea miaka mitatu. Nilimjibu kwamba inakaribiana nayo. Hakucheka.

Barua sita za maombi ziko njiani: kampuni ya bima, benki, ofisi ya takwimu, idara ya hali ya hewa, kampuni ya simu na shule moja ya sekondari ya wasichana. Niliziandika kwa kufuata bango lililokuwa ukutani chuoni, lililosema mwenye digrii ya hisabati hakosi mlango. Lilikuwa na picha sita za watu wanaotabasamu, kila mmoja na kazi yake. Nilikuwa nasimama mbele ya lile bango mpaka nasahau nilikokuwa nakwenda.

6 Machi

Benki wamejibu. Hapana.

9 Machi

Mjomba amekuja kutusalimia. Yeye ni karani wa benki ileile iliyonikataa, na anaamini nilikosea kuandika bahasha. Amezungumza nusu saa juu ya bahasha. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa friji na ananiita Profesa, alidakia kwamba angekuwa na digrii kama yangu angeitumia kuziba paa. Kwenye kona ya sebule kweli panavuja, na tumeweka beseni. Mimi nilikuwa nasikiliza matone yakidondoka ndani ya beseni na kujaribu kukisia tone linalofuata. Mjomba aliponiuliza swali, sikulisikia kabisa. Ndivyo nilivyo, nipo na sipo, na nyumba nzima wamechoka nami.

12 Machi

Kazi imepatikana, na imetoka wodi ya wazazi. Mama alimhudumia mkwe wa mwanamke mmoja mwenye karakana ya kushona nguo, na katika kusubiri mtoto wakaanza kusimuliana. Mwanamke huyo, ambaye kila mtu anamwita Madamu, alilalamika kwamba anatupa magunia ya vipande vya kitambaa kila wiki. Mama akasema ana binti nyumbani anayejua maumbo. Mtoto alizaliwa salama, na mimi naanza kazi Alhamisi. Ni kibarua cha kipindi cha mvua tu, lakini Mama ameshanipigia pasi blauzi tatu.

14 Machi

Karakana iko ghorofani, juu ya duka la rangi. Ni chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja. Cherehani kumi na nne zimepangwa mistari miwili, mwisho wa chumba kuna meza ya pasi, na katikati, mahali penye mwanga kuliko pote, ipo meza ya kukatia. Ina urefu wa hatua zangu kumi na moja. Kila nguo inayotoka humu huanzia pale. Kitambaa kinatandazwa tabaka juu ya tabaka, vipande vya kadibodi vyenye umbo la kola, mkono au mgongo vinapangwa juu yake na kuzungushiwa chaki, ndipo mashine ya kukatia inapita. Kinachobaki kati ya kipande na kipande ndicho kinachojaza magunia.

Mwenye meza ni mzee mwembamba ambaye mafundi wanamwita Mzee Chaki. Amekata nguo hapa miaka thelathini na mmoja. Nilipotambulishwa kwake kama mtaalamu wa hisabati aliyekuja kupunguza mabaki, alinitazama viatu, kisha akanisogezea kigoda. Alisema nikae kushoto, kwa sababu kulia ndiko mkasi unakopita. Sikupata neno jingine kwake mpaka jioni.

Madamu alinieleza makubaliano pale kwenye ngazi, wakati naondoka. Kwa sasa mabaki ni asilimia kumi na moja ya kitambaa kinachoingia. Nikiyashusha chini ya tisa kabla mvua hazijaisha, meza ni yangu, na kazi ni ya kudumu. Nilishuka ngazi kama ninayeelea. Nilifika barabara kuu ndipo nikakumbuka kwamba meza ni moja.

17 Machi

Ofisi ya takwimu: hapana, ila kwa adabu.

20 Machi

Namtazama Mzee akifanya kazi. Hapimi kama ninavyopima mimi. Anapitisha kiganja juu ya kitambaa, anarudi nyuma, anakipitisha tena, macho yamefumbwa nusu, halafu anaweka kadibodi moja baada ya nyingine bila kusita. Mimi niko kando na kompyuta yangu, nimeyageuza maumbo yake kuwa pointi na mistari, na mashine inajaribu mipangilio maelfu wakati yeye anajaribu mmoja.

Leo alikataa kukata pamba iliyofika asubuhi. Alisema hewa ina maji mengi, kwa hiyo kitambaa kikunjuliwe kilale hadi kesho, kipumzike. Kipumzike! Niliandika pembeni ya karatasi yangu: imani za zamani.

25 Machi

Mpangilio wangu wa kwanza umekatwa, mashati ya shule. Kila jioni Dada wa Pasi, anayesimamia meza ya mwisho, hupima magunia ya mabaki kwenye mizani na kuandika kwenye daftari lake. Leo ni asilimia kumi na nukta nne. Ingekuwa chini zaidi, ila Mzee alivirudisha sawa vipande viwili nilivyovigeuza. Kabla mashine haijapita, mkataji mkuu lazima aukague mpangilio na kuutia saini. Hiyo ni sheria ya humu, na bila saini yake hakuna kinachokatwa. Nilimuuliza sababu ya kuvirudisha. Akasema havitakaa vizuri. Nilikasirika, kwa sababu hiyo kwangu haikuwa sababu, ilikuwa hisia.

2 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Nikienda kazini nimepitia ukumbi mmoja wenye vigae vya pembe sita nikavihesabu mpaka mlangoni. Nimechelewa kazini dakika ishirini na sina la kujitetea.

7 Aprili

Hali ya hewa wamejibu kwamba nafasi zimejaa. Barua imefika imelowa, siku waliyoitabiria jua.

10 Aprili

Mvua ilitufungia karakanani baada ya kazi, mimi na Mzee, tukakaa kwenye ukingo wa meza tukingoja ipungue. Aliniuliza, kwa mara ya kwanza, ni nini hasa nilichosoma. Watu wakiniuliza hivyo huwa nasema "hesabu" na kubadilisha mazungumzo. Yeye nilimwambia ukweli. Nilimwambia kuna maumbo yanayoweza kuifunika sakafu yote, hata iwe haina mwisho, bila kuacha upenyo, na kuna mengine hayawezi, na kwamba nilikaa mwaka mzima nikitafuta namna ya kujua yepi ni yepi. Nilichora kwa chaki yake juu ya meza yake. Alitazama muda mrefu, kisha akasema maumbo hayo yeye huyaona akifumba macho kulala, yakizunguka yenyewe.

Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayeyaona. Wenzangu wote chuoni walikuwa wanatafuta alama.

Nimerudi nyumbani nimelowa na nina furaha. Nimefuta yale maneno niliyoyaandika pembeni ya karatasi.

16 Aprili

Mzee amefiwa na shemeji yake, anasafiri. Madamu naye yuko safarini akitafuta wateja. Jora la mahameli limeingia leo, rangi ya damu ya mzee, kwa ajili ya majoho sitini ya kwaya, na wanayataka upesi. Mzee alisimama na begi lake begani, akafikiri, kisha akatia saini karatasi tatu tupu na kunikabidhi. Alisema anarudi baada ya siku tatu, na kwamba ananiamini. Nilizishika zile karatasi kwa mikono miwili.

17 Aprili

Nimeamka alfajiri nikiwa bado nusu ndotoni, na jibu lilikuwa limelala pembeni yangu. Niliviona vipande vya majoho kitandani, namna mimi na kaka na binamu zetu tulivyokuwa tukilala mzungu wa nne nyumba ikijaa wageni, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Kipande cha joho ni kipana chini na chembamba juu. Ukikilaza kimoja wima na cha pili kichwa chini, vinaingiliana, na nafasi iliyokuwa inapotea katikati inakwisha. Sikunywa hata chai. Kompyuta ilikubaliana na ndoto yangu hadi kwenye nukta.

Jioni Dada wa Pasi alipima gunia, akatikisa mizani akidhani imeharibika, akapima tena. Asilimia saba na nukta nane.

Nimetembea hadi nyumbani chini ya mvua bila kufungua mwavuli. Mama amepika chakula cha sikukuu na si sikukuu. Kaka amesema sasa anaweza kunikopesha jina la fundi.

19 Aprili

Mzee hajarudi. Barabara imekatwa na maji. Mafundi wameanza kushona majoho.

23 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mzee alirudi leo asubuhi, na Madamu pia. Majoho yalikuwa yamekamilika. Dada wa Pasi aliyapitisha kwenye mvuke na kuyatundika kwenye bomba refu kando ya madirisha, yote sitini, na sisi tukawa tunayasifu. Chumba kilikuwa na giza la mawingu. Kisha mvua ikakatika, na jua likaingia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Dada wa Pasi ndiye aliyenyamaza kwanza. Upande wa kushoto wa kila joho ulikuwa damu ya mzee iliyokolea, karibu nyeusi. Upande wa kulia ulikuwa umepauka, unameta kama umemwagiwa maji. Joho la kwanza, la pili, la kumi, yote vivyo hivyo hadi mwisho wa bomba. Nilidhani ni kivuli cha dirisha. Niligeuza joho moja, na kivuli kikageuka nalo.

Mzee alinyoosha mkono akapitisha kiganja, juu kwenda chini upande wa kushoto, juu kwenda chini upande wa kulia. Nami nikapitisha changu, na hapo mkono wangu ukaelewa kabla yangu. Mahameli ina manyoya mafupi, na manyoya yote yamelala upande mmoja. Ukiyatazama kutoka juu ni meusi, ukiyatazama kutoka chini yanang'aa. Kipande ulichokilaza kichwa chini, manyoya yake yanapanda wakati ya mwenzake yanashuka. Fundi yeyote anajua hilo mwezi wake wa kwanza. Mimi katika kompyuta yangu kitambaa kilikuwa uwanja mweupe usio na juu wala chini.

Madamu alichukua faili la mipangilio akatafuta karatasi. Aliitazama, akaitazama tena, kisha akamuuliza Mzee kwa sauti ya chini saini ile ni ya nani.

"Ni yangu," Mzee alisema.

Madamu alimwambia kwamba mimi ni mtoto niliyetoka chuo jana, mahameli nitaijulia wapi, lakini yeye kazi yake ni kuona. Kama mpangilio ule ulipita mbele ya macho yake na hakuona, basi macho yamechoka. Aliyasema hayo bila ukali, na nadhani ndiyo maana yaliuma zaidi. Mzee alisimama mikono nyuma. Hakusema kwamba karatasi ilikuwa tupu alipoisaini. Hakunitazama.

Na mimi sikusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na sauti, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilitazama majoho.

24 Aprili

Mvua. Mafundi wanafumua mishono. Sikusema.

25 Aprili

Sikusema.

27 Aprili

Madamu ameniita. Mzee atamaliza mwisho wa Mei, atapumzishwa kwa heshima zote, na meza itakuwa yangu. Kosa la mahameli si langu, ila nijifunze. Idadi zangu za vitambaa vingine zinampendeza.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameshapata habari, maana Madamu alimpigia. Nusu ya wodi inajua. Mjomba amesema karakana leo, kesho kiwanda, keshokutwa benki. Mama alinishika mashavu kwa mikono yake inayonukia dawa, akasema alikuwa anajua tangu nikiwa mdogo, nikipanga vifuniko vya chupa sakafuni. Nililia, naye akadhani ni furaha.

30 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta Madamu peke yake, nikamweleza kwamba Mzee hakuuona ule mpangilio, kwamba alisaini karatasi tupu kwa kuniamini na mimi nikajaza. Nilitegemea kwamba nikishasema, mambo yatarudi yalivyokuwa. Madamu aliweka kalamu chini.

"Basi ni vibaya kuliko nilivyofikiri," alisema. "Macho yangekuwa ugonjwa. Kusaini karatasi tupu ni uzembe."

Alinishukuru kwa ukweli wangu. Uamuzi wake, alisema, sasa hauna hata doa.

Nilikwenda moja kwa moja hadi mezani nikamwambia Mzee nilichofanya. Aliendelea kunoa mkasi mpaka nilipomaliza. Kisha akasema nimemharibia kwa nia njema, na kwamba ile saini ilikuwa kosa lake mwenyewe, alikuwa ameshaamua kulibeba kimyakimya, na sasa atalibeba watu wakimtazama. Nilikaa kwenye kigoda, upande wa kushoto.

Nilimwomba anisamehe. Akasema ameshanisamehe tangu siku ya majoho, kilichomuuma ni zile siku nilizonyamaza akinihesabia. Zilikuwa saba.

3 Mei

Sikulala vizuri ila nimeamka na swali, na swali ni bora kuliko usingizi. Mashine yangu ilipata asilimia saba na nukta nane kwa sababu haikujua mahameli ina manyoya. Je, ni mambo mangapi mengine haiyajui? Ile pamba iliyotakiwa kupumzika. Vile vipande viwili alivyovirudisha. Kila mahali nilipomshinda Mzee, nilimshinda kwa kutojua.

Nimemfuata nikamwambia: "Mzee, nimekuwa nikijibu swali lisilo lako. Nipe lako."

Aliuliza litasaidia nini na mwezi ni mmoja. Nikasema sijui. Alitafuna midomo, akatandaza kitambaa cha mistari.

4 hadi 9 Mei

Kila jioni mvua inatufungia, na kila jioni anasema, naandika. Mistari ya mfuko lazima ikutane na mistari ya kifua. Mkono wa kulia si nakala ya mkono wa kushoto, ni taswira yake kwenye kioo, na mwanafunzi wa kwanza huwa anakata mikono miwili ya kulia. Mwanzo wa jora na mwisho wake rangi hazilingani, kwa hiyo mbele na mgongo wa shati moja vitoke jirani. Ukingo wa kitambaa umebana kuliko katikati. Kitambaa kilicholowa hewa kikikatwa leo, kesho ni kifupi. Uzi wa urefu ushuke na mwili, la sivyo suruali itazunguka mguu mvaaji akitembea.

Mengine hakuwahi kuyasema kwa mtu, ilibidi mkono uanze kufanya ndipo mdomo upate maneno. Alikuwa anashangaa mwenyewe. Tumefika masharti arobaini na matatu. Nikilala nayaona yakiingia moja moja chumbani na kutafuta pa kukaa.

12 Mei

Bima waliniita kwenye usaili. Chumba baridi, viti vizuri. Waliniuliza kama naweza kukadiria mtu atafanya kazi hadi umri gani kabla hajachoka. Nilijibu kwa fomula, fomula ilikuwa sahihi, na nilitoka nikijisikia vibaya hadi kituoni.

15 Mei

Mashine inahesabu. Mimi nafuata nyuma yake kwa kalamu, maana mashine inaweza kukuambia imetafuta haikupata, lakini haiwezi kukuambia hakipo.

19 Mei

Jibu limetoka. Nimelirudia mara tatu, na mara ya tatu, naungama, nilitamani nikosee.

Kwa masharti yote arobaini na matatu, mpangilio bora kuliko yote unaowezekana unaacha, kwa wastani wa nguo zote, asilimia kumi na nukta nane. Daftari la Dada wa Pasi, miaka yote aliyopima, linasema Mzee kwa kiganja chake anaacha kumi na moja. Tofauti ni nukta mbili. Tisa ya Madamu haipo. Haikuwahi kuwepo.

Nimekaa nalo kutwa. Karatasi hii nikiikabidhi, nimejiandikia barua ya kuondoka. Nisipoikabidhi, hakuna atakayejua, na mwezi ujao meza ni yangu. Nilimweleza Kaka wakati anaziba paa, hatimaye. Aliuliza kutoka juu huko kama kuna mtu amenishika shingo. Nikasema hapana. Akasema basi nikae kimya nile mshahara wangu. Alipigilia misumari miwili, kisha akainama akachungulia, akasema afadhali nisimwambie ninachofanya, maana uso wangu ameshauona.

20 Mei

Nilimpa Madamu karatasi nne. Alizisoma taratibu, hakuruka hata mstari, na hapo nikamheshimu kuliko siku zote. Aliuliza maswali mawili ya maana sana kuhusu mahameli. Kisha akavua miwani.

"Unaelewa unachoniambia?"

"Naelewa. Mimi sihitajiki hapa."

Alisema ana meza moja na kiti kimoja. Nikasema najua, nilikumbuka hilo siku ya kwanza, nikiwa barabarani. Alicheka kidogo, akaomba siku moja ya kufikiri.

21 Mei

Mzee anabaki. Karatasi tupu hazitasainiwa tena, hilo limebandikwa ukutani kwa maandishi makubwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyelibandika. Mimi namaliza Ijumaa.

Kumwambia Mama kumechukua muda mrefu kuliko uthibitisho wote. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa. Aliuliza kama nimefukuzwa. Nikasema nimejitoa kwa hesabu. Akauliza atawaambiaje wodini. Hakulala akiwa na furaha nami.

23 Mei

Bima: hapana. Kampuni ya simu: kimya. Shule ya wasichana wameomba nifike Jumatatu, mwalimu wao wa hesabu amehama katikati ya muhula. Nitakwenda. Mama amepiga pasi blauzi moja, bila maneno.

24 Mei

Ijumaa. Mvua haijanyesha siku ya nne, na madirisha ya karakana yalikuwa wazi yote. Nilikusanya vitu vyangu, havikujaza hata mfuko. Mafundi waliniaga bila kusimamisha cherehani.

Mzee alikuwa anakata kola. Alizima mashine, akasema amesikia nimeandika jambo juu yake, na Madamu amemwambia asiwe na wasiwasi, lakini hakuna aliyemwambia limeandikwa nini. Nilikuwa na nakala. Sikumweleza, nilimsomea sentensi ya mwisho kama ilivyo: kwamba kwa masharti yote arobaini na matatu, hakuna mpangilio unaoweza kupunguza mabaki zaidi ya nukta mbili ya asilimia kuliko unavyofanya mkono wa mkataji.

Aliomba niirudie. Nikairudia.

"Hakuna," alisema. "Maana yake hujaupata, au haupo?"

Chuoni walimu walitumia muhula mzima kutufundisha kuuliza swali hilo.

"Haupo, Mzee. Nimethibitisha. Hata mtu mwingine akitafuta miaka mia, hataupata."

Alishika ukingo wa meza. Alitazama kola zilizopangwa mbele yake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyezipanga.

"Miaka thelathini na mmoja," alisema. "Nilidhani nakisia."

Nilimnyooshea karatasi. Akaniashiria ningoje, akaenda kwenye bomba la maji, akanawa chaki mikononi hadi kwenye viwiko, akajifuta vizuri, ndipo akarudi kuipokea.